Sahani ya Nyandwi

Sanduku langu la sauti nimeliacha kwenye kabati la pili, upande wa dirisha. Ndani mtakuta jozi moja ya viatu vya tairi, kufuli kubwa lisilo na ufunguo, kikapu cha kokoto, makopo mawili, ngozi ya mbuzi niliyokuwa nikipigia radi, na sahani ya bati iliyobonyea ukingoni. Vingine fanyeni mtakavyo. Sahani msiiguse mpaka mmalize kusoma hapa.

Nimefanya kazi ya sauti kwenye redio yetu hii ya Gitega tangu ilipokuwa vyumba viwili na paa linalovuja. Mlango ukifunguliwa kwenye mchezo, ni mimi. Mvua ikinyesha, ni mimi. Mama akimzaba mtu kofi, ni mimi ninajipiga paja, na paja langu la kushoto limeonewa miaka mingi kwa ajili yenu. Mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Haya, nitaandika, lakini vyeo na mishahara msitafute humu. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kusikiliza nilifundishwa na baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, Muyinga. Alikuwa akikaa kibarazani amefumba macho huku mimi nikikanyaga cherehani, na ghafla anasema, "Simama, Yakubu, sindano imechoka." Nikiitazama, kweli imepinda. Siku yangu ya kwanza redioni niliagizwa nitoe sauti ya mtu anayetembea kwenye matope. Nikaleta matope ya kweli kwenye karai, nikakanyaga. Ilisikika kama ng'ombe anayekunywa maji. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo nikakumbuka baba alivyokuwa akikamua kitambaa kilicholowa kabla ya kupiga pasi, nikaomba taulo na ndoo, nikakamua mbele ya mikro, kile kinasa sauti chetu. Tope likatokea. Nikajiwekea sheria siku hiyo: kitu cha kweli mbele ya mikro ni bure, tafuta kinachofanana nacho. Niliishika sheria hiyo miaka mingi, na nikaringa nayo.

Sasa nije kwenye kesi ngumu kuliko zote nilizokutana nazo, na ambayo nilitoka nayo kifua mbele.

Ilikuwa miaka ile ya amani, malori yakipita Muyinga kila wiki yamejaa watu, vitanda, magunia na kuku, wakirudi kutoka Tanzania. Wengi walikuwa wamekulia huko, Kirundi chao kinachechemea, ndiyo maana mchezo wetu wa Jumamosi saa nane mchana tuliutoa kwa Kiswahili. Mwandishi alikuwa Konsolata, binti wa hapa hapa Gitega, mdogo wangu kwa miaka ishirini na mbishi kuliko mimi. Mchezo ulikuwa juu ya mjane aliyerudi kilimani kwao, maana hapa kila kilima ni kijiji, akakuta shamba lake limemegwa. Na aliyemsumbua mjane huyo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, jina lake Nyandwi.

Nyandwi tulimtengeneza akatengenezeka. Alifunga kwa miiba njia ya mjane ya kwenda kisimani. Aling'oa maharage yake yakiwa yametoa maua. Halafu akang'oa mnyaa wa mpaka, ule ua wa kijani wenye maziwa ambao watu wa hapa huupanda kuonyesha shamba la fulani linaishia wapi, na huku aking'oa alikuwa akicheka. Mnyaa ule ulikuwa karoti mbichi nilizokuwa nikivunja karibu na mikro, kisha nikazila. Kicheko hakikuwa changu. Kilikuwa cha Eliasi.

Eliasi alikuwa fundi baiskeli wa Giheta, kijana mpole wa kukera, aliyelelewa kambini upande wa Kigoma na kurudi na lori mojawapo. Mbele ya mikro sijui alikuwa akipatwa na nini. Kicheko chake kilianza puani, kikapanda, kikakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu kibaya zaidi cha kukufanyia. Mara ya kwanza kukisikia nilidondosha karoti. Baada ya miezi michache, sokoni Giheta mama wa nyanya alikataa kumuuzia. Kilabuni, pale watu wanapokaa kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama kila mmoja na mrija wake, Eliasi akiweka mrija, wengine wanatoa yao. Walijua ni mchezo. Walitoa mirija hivyo hivyo.

Konsolata alianza kumwonea huruma. Siku moja akaja na karatasi. Kijana yuko peke yake, anazungumza juu ya utoto wake, analia. Nikasoma, nikamrudishia.

"Mi sitaki machozi ya huyu," nikamwambia.

"Mzee Yakubu, we unamuchukia Nyandwi kama vile iko jirani yako."

"Iko jirani ya watu wote. Bon, niambie, nani katika nchi hii hakupoteza mtu? We ulipoteza. Mi nilipoteza. Tulienda kung'oa maharage ya nani?"

Mimi nilikuwa mkubwa pale, maneno yangu yakapita. Kila alipoleta onyesho kama hilo, nililiua. Nilisema msikilizaji akishaanza kumwonea huruma mkatili, mjane atabaki na nani. Na niwaambie ukweli, mpaka leo hoja ile haijafa yote. Ilikuwa na miguu.

Katika barua za wasikilizaji kulikuwa na moja iliyokuwa ikija kila mwezi kutoka Mutaho, haina jina, ina mstari mmoja tu: "Jembe lenu halijui kulima." Jembe langu lilikuwa kijiko kwenye sinia la unga wa mahindi. Nilijivunia sana jembe lile. Barua zile nilizichana.

Halafu Eliasi akapata mchumba. Agripina, binti wa Mutaho, na yeye amekulia Tanzania, alikuwa amepeleka baiskeli kwake irekebishwe, ikarekebishwa mara nyingi kuliko ilivyoharibika. Eliasi baba yake alifia kambini, na mjomba aliyebaki, wa Muyinga, alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Akaja kwangu. "Mzee, unisemee," akasema. Kwetu familia za pande mbili zikikutana kuomba binti, wenyewe hawazungumzi. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji wanapigana kwa maneno matamu mpaka mmoja anyanyue mikono. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nina mdomo, na nilikuwa sijapata pa kuutumia kwa sauti yangu mwenyewe.

Tulikwenda Mutaho Jumapili baada ya saa sita. Ua ulikuwa umefagiwa, viti vimepangwa pande mbili, chungu cha pombe katikati na mirija yake, na pembeni chupa ya soda kwa ajili yangu mimi Mwislamu. Baba wa binti, Mzee Zakaria, alikuwa mkulima mrefu, mkavu, aliyekaa Tanzania miaka zaidi ya thelathini. Kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine, alivunja desturi na kujisemea mwenyewe. Nikaanza na habari ya ndama mzuri tuliyemwona akipita njia hii. Akajibu kwamba hapa hakuna ndama, labda tumepotea njia, huenda tunatafuta kwa jirani. Tulikwenda hivyo nusu saa, watu wanapiga makofi, nami nimevimba kichwa. Nikasema, "Basi kijana wetu asimame awaamkie wenyewe, mumwone."

Eliasi akasimama. "Shikamooni wazee, shikamooni mama zangu."

Makofi yakakatika. Mwanamke mmoja aliweka kikombe chini taratibu. Agripina, aliyekuwa mlangoni, alijifunika uso kwa khanga. Alikuwa amejua tangu mwanzo na hakumwambia mtu. Nami ndipo nilipogutuka. Katika kupanga kwangu kote nilifikiria ndama, nilifikiria soda, sikufikiria kwamba nyumba hii ina redio.

"Rudia salamu," akasema Mzee Zakaria.

Eliasi akarudia, kwa sauti ndogo.

"Ni Nyandwi."

"Mzee, ni mchezo," nikadakia. "Huyu ni Eliasi, fundi baiskeli."

"Ndugu, mimi si mjinga. Najua mchezo ni nini." Hakupandisha sauti. "Tuliporudi hapa, kijana mmoja wa kilima hiki aling'oa maharage yetu mbele ya macho yetu, na alikuwa anacheka. Mimi na mke wangu tulisimama pale, tunamwangalia. Baadaye kesi ikaisha, tukagawana shamba. Lakini kile kicheko hakikugawanywa, nilibaki nacho mimi. Sasa kila Jumamosi nakisikia humo ndani. Kijana wako akieleza amekitoa wapi, tutaendelea. Asipoeleza, soda yako umalize, uende salama."

Nilifungua mdomo, mdomo wangu huo, na hakikutoka kitu. Yule mtu alikuwa ananirudishia hoja zangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyehakikisha Nyandwi hana hata tone la kumtetea.

Eliasi hakungoja msemaji. "Nilikipata siku tuliyoshuka lorini," akasema. "Kulikuwa na kijana kando ya barabara. Mama yangu alikuwa amebeba chungu alichotoka nacho kambini, kikamponyoka, kikavunjika. Yule kijana akacheka. Mzee, nami nilibaki nacho. Nikiwa redioni nakitoa, nikidhani kitaisha."

Ndipo mama mwenye nyumba, Mama Agripina, akaongea kutoka walipokaa wanawake. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito. Hakumuuliza Eliasi, aliniuliza mimi.

"Wewe ndiye wa redio?"

"Ndiyo, mama. Mi ndiye ninayetoa sauti."

"Yule mtoto anaitwa Nyandwi. Nyandwi ni mtoto wa saba. Wale sita wako wapi?"

Kwetu mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, hilo kila mtu analijua hata akiwa usingizini. Sisi tulichagua jina kwa sababu lilikuwa linatamkika vizuri na haraka. Miaka miwili ya mchezo, watu wote wale kwenye studio, Warundi watupu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza.

"Na kwa nini nyumbani kwake hakupikwi?" akaendelea. "Kwa mjane nasikia sufuria, nasikia mwiko. Kwa mwenyekiti wa kilima nasikia sahani. Kwa huyo mtoto sijasikia hata kijiko. Anatoka kung'oa maharage ya watu, anarudi, anakaa. Mimi kila Jumamosi nasema, mpumbavu huyu atakula nini?"

Jamani, sababu ilikuwa aibu tupu. Nilikuwa na mikono miwili tu. Kwenye maonyesho ya Nyandwi mikono yote ilikuwa na karoti na miiba, sahani ningeshika na nini? Nikasema ukweli huo pale uani, mbele ya wakwe. Mtu mmoja akacheka kidogo, akanyamaza alipoona wengine hawacheki.

"Kwa hiyo unamhurumia?" Mzee Zakaria akamuuliza mkewe. "Huyo?"

"Ningemkamata ningemchapa," akasema mama. "Halafu ningempa chakula. Mtoto wa saba anakula peke yake, unataka nimfanyeje?"

Mzee Zakaria akakuna goti. Alikuwa na haki ya kukataa, na nilijua kwamba akikataa, Eliasi hatapata nyumba nyingine ya kumpokea katika vilima hivi. Nilimwona Agripina mlangoni ameshika nguzo kwa mikono miwili. Hatimaye mzee akasema: "Binti simtoi mpaka Nyandwi arudishe ule mnyaa. Aupande kwa mkono wake, wote, mpaka mwisho wa shamba la mjane. Akimaliza, apewe chakula. Nikisikia hayo redioni, mje tena. Na lisiwe lile jembe lenu lisilojua kulima."

Barua zote zile. Nilimwangalia, naye akaniangalia bila kupepesa.

"Mzee, hadithi haiendi hivyo," nikajaribu.

"Ni mchezo, si ndivyo ulivyosema? Basi chezeni."

Nilirudi Gitega nimejikunyata. Jumatatu nikamwambia Konsolata kila kitu, isipokuwa sehemu ambayo nilitakiwa kusema kwamba nimekosea. Aliniacha nizunguke, anatabasamu na kalamu mdomoni, kisha akaandika onyesho kwa asubuhi moja. Na mimi nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilibeba mashine ya kurekodia, nyaya na mikro, nikapanda na Konsolata kwenda Mutaho. Sheria yangu niliiacha kabatini na sinia la unga.

Tulirekodi Alhamisi asubuhi kwenye mpaka wa shamba la Mzee Zakaria mwenyewe, pale ulipobaki na mapengo tangu siku ile ya kicheko. Alikuwa amekata vipande vya mnyaa, vimepangwa kwenye gunia. Alimpa Eliasi jembe lake. Jembe la kwanza lilipoingia ardhini, nikiwa na vifaa vya masikioni, niliona aibu kwa ajili ya kijiko changu. Udongo wa kweli una sauti mbili, ya chuma kinapoingia na ya mizizi inapokatika, na kati yake kuna pumzi ya mtu. Mzee Zakaria alisimama pembeni anakagua. "Ingiza zaidi," ananong'ona. "Huko hakitashika." Ile minong'ono yote ilirekodiwa, na niliiacha.

Eliasi alipanda mpaka mwisho wa shamba. Maziwa ya mnyaa yakamrukia jichoni, akalia machozi ya kweli, nikamwambia asifute. Konsolata akatia alama kwenye karatasi yake. Machozi yake aliyoyaomba muda wote ule, akayapata bila kuandika hata neno.

Sasa kilibaki chakula. Mwigizaji wetu wa mjane alikuwa ameshikwa na homa, hakuja. Konsolata akamwomba Mama Agripina asome maneno yake. Yalikuwa machache tu, karibu, keti, kula.

"Mimi sitaki karatasi," akasema mama. "Huyo mtoto yuko wapi?"

Niliweka mikro mezani jikoni kwake. Eliasi akaingia, mikono ina udongo, jicho limevimba. Mama akafunua chungu cha maharage, nikasikia mfuniko ukikwaruza, nikasikia upawa. Akapakua kwenye sahani ya bati. Lakini hakuiweka mezani. Aliishika, akamtazama.

"Nyandwi. Wenzako sita wako wapi?"

Haikuwa kwenye karatasi. Konsolata alinishika mkono ili nisizime mashine. Eliasi alikaa kimya, na ukimya ule ninao mpaka leo kwenye kanda, nimeupima, ni mrefu kuliko redio yoyote inavyoruhusu.

"Sijui, mama," akasema. "Tulitawanyika. Nimebaki mimi na hilo jina."

Mama akaweka sahani mezani. Iligonga, ikazunguka kidogo kwenye ukingo wake uliobonyea, ikatulia. "Keti. Ulichofanya kwa maharage yangu sijasahau, na mwakani utayapanda wewe. Sasa kula." Kijiko kikaanza. Kikakwaruza sahani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Kula, mwanangu. Chungu bado kina kitu."

Nililia. Nasema wazi kwa sababu Konsolata atawaambia hata nisiposema. Nililia juu ya mashine ya kazi kama mtu aliyefiwa, na moyo wangu ulikuwa umejaa raha ambayo sijui niiite nini. Nilipoinua uso, Mzee Zakaria alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani. Aliyasikia yote. Alisafisha koo, akasema, "Huyo kijana anakula polepole. Mama yake alimlea vizuri," akaenda kuosha jembe.

Jumamosi saa nane onyesho likatoka. Tuliliacha lote, pamoja na ukimya. Muyinga waliniambia baadaye kwamba mafundi cherehani wa barabara ya soko walisimamisha miguu. Giheta, mama wa nyanya alimwita Eliasi kutoka mbali, akamchagulia zile ngumu. Kilabuni mirija ilibaki kwenye chungu. Si wote walioridhika. Bwana mmoja wa Muyinga alituandikia kwamba kwake yeye Nyandwi atabaki nje ya mlango, na asilazimishwe. Tulisoma barua yake hewani, neno kwa neno. Alikuwa na haki yake, na mjane wetu naye alikuwa na yake.

Tuliporudi Mutaho, sikupewa nafasi hata ya kumtaja ndama. Mzee Zakaria alitupokea njiani. Siku ya harusi, ngoma zikiwa zimepumzika na chungu kiko katikati, alisimama mbele ya kilima kizima akamwambia mkwe wake, "Kile kicheko tulishakimaliza wote wawili. Sasa tusikie chako."

Eliasi akaona haya. Agripina akamfinya. Basi akacheka, kicheko chake mwenyewe, ambacho mimi niliyekuwa naye studio muda wote ule sikuwahi kukisikia. Kilikuwa kibaya ajabu, chembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mzee Zakaria aliangua kicheko, mkewe akamfuata, kisha ua mzima, mpaka watu wakashikana mabega. Hakikuwepo kitu kwenye sanduku langu ambacho kingeweza kutoa sauti ile.

Mama Agripina ndiye aliyenipa sahani siku hiyo, ameifunga kwenye kitenge. "Msimnyime tena," akasema. Tangu hapo, kila mkatili aliyeandikwa redioni humu, mimi nilimwekea sahani kwanza, hata sekunde mbili, kisha nikaendelea na karoti zangu. Fanyeni hivyo hivyo. Mumhukumu mnavyotaka, lakini msikilizaji ajue kama amekula.

Na wewe Konsolata, ambaye utalisoma hili kabla yao kwa sababu huna subira: ulikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nimeandika, nimetia sahihi, na usinisomee kwa sauti nikija kuwatembelea.

Yakubu, wa sauti